Niliua Ua kwa Kulipenda

Wacha niseme hii mapema, na mkitaka kunitukana, nitukaneni mkishamaliza kusoma: watu wengi wenye maua ndani ya nyumba hapa Nairobi hawayaui kwa kuyasahau. Wanayaua kwa kuyashughulikia sana. Mimi ni shahidi, na mimi ndiye mshukiwa. Kiswahili chenyewe kilikuwa kimenionya. Kati ya ua na kuua kuna silabi moja tu.

Tangu niweke picha ya okidi yangu, ile yenye maua saba meupe, mmeniuliza maswali mawili. La kwanza, nilinunua wapi. La pili, kwa nini yenu ilichanua mara moja tu, maua yakaanguka, na sasa mnaishi na majani manne yanayowakodolea macho mwaka mzima. La kwanza ni rahisi: sikununua. La pili linataka hadithi, na hadithi yenyewe iko na aibu ndani. Vuteni kiti.

Februari 2024 nilipata kazi ya kushuti video ya hafla fulani kwenye hoteli moja Westlands. Ilikuwa wiki ya Valentine na ukumbi ulikuwa umejaa maua hadi mtu anapiga chafya. Usiku tukikunja nyaya, dada wa mapambo akaniambia zile okidi mbili za kando ya jukwaa zitatupwa asubuhi, nikitaka nibebe. Nikazipakata kwenye matatu hadi Zimmerman kama mzazi wa mapacha. Makanga akaniuliza, "Buda, unaenda kuomba msamaha wapi?"

Alikuwa anatania, lakini alikuwa amepiga ndipo. Mtu wa kuombwa msamaha alikuwepo, ila hakuwa Zimmerman. Alikuwa Naivasha.

Mathe hufanya kazi kwa shamba la waridi. Wakati huo alikuwa amesimama miaka kumi na minne kwenye meza moja, akipanga maua. Anachukua shina, analipima: la sentimita 40 huku, la 50 huku, la 60 kule, lililopinda au lenye doa linaenda chini. Februari ndiyo miezi yao ya kukesha, kwa sababu huko ng'ambo watu wanapendana tarehe 14. Waridi likitoka mezani kwake linaingia chumba cha baridi, linaenda uwanja wa ndege, na siku chache baadaye liko Ulaya kwa meza ya mtu asiyemjua mathe. Karo yangu ilitoka hapo. Kila semesta niliyosoma ilipimwa kwa sentimita.

Sasa, Januari hiyo alikuwa amenitumia 38,000 ya semesta. Mwaka wa tatu. Sikuipeleka chuo. Nilinunua kamera ya mtumba na nikalipa deni la nyumba. Darasani nilikuwa nimeacha kwenda tangu Oktoba. Nina sababu zangu, na zingine ni za maana, lakini hakuna hata moja iliyonizuia kumwambia ukweli. Sikumwambia tu.

Kwa hivyo picha ni hii: kijana hana darasa, kazi ya kamera inakuja mara mbili kwa mwezi, siku zingine anaamka saa nne asubuhi na hana pa kwenda. Mathe akipiga simu kuuliza masomo, nasema yako sawa. Nikikata simu, nachukua kikombe, namwagilia okidi. Simu ya asubuhi, kikombe. Simu ya jioni, kikombe. Nikaona angalau kuna kitu maishani ninachokitunza.

Maua yalikaa hadi katikati ya Aprili, halafu yakaanguka moja moja. Majani yakaanza kulegea na kuingia mikunjo kama ngozi ya mzee. Nikajiambia: hii iko na kiu. Nikaongeza maji. Wiki ya kwanza ya Mei niliishika ile ya kwanza kuisogeza kidogo, ikatoka yote mkononi. Chini hakukuwa na mizizi. Kulikuwa na uji mweusi unaonuka kama mtaro.

Hapa ndipo nataka msome polepole, kwa sababu ndipo okidi nyingi hufia. Mizizi ikioza haiwezi tena kunyonya maji. Kwa hivyo mmea uliozama ndani ya maji unaonekana sawasawa na mmea wenye kiu: majani yamelegea, yamekunjamana. Wewe unaona kiu, unaongeza maji, unamalizia ile mizizi michache iliyobaki. Na zile zetu zilikuwa ndani ya vyungu vya mapambo visivyo na tundu chini. Kila kikombe changu kilibaki pale kikisubiri wenzake.

Yule wa pili ulikuwa njiani kufuata mwenzake. Kilichouokoa si mimi.

Mathe alikuja bila kupiga simu. Jumanne, saa tano asubuhi, mvua ya Mei inanyesha, yuko mlangoni na gunia dogo la viazi na sukuma wiki. Ilikuwa wiki ya mitihani, na mtoto wa jirani yetu wa Naivasha, tuliyekuwa naye chuo, alikuwa amekwenda nyumbani akaulizwa habari zangu akashindwa kudanganya. Mimi niko kejani, nimevaa pajama, nimetoka kuamka.

Hakuniuliza kitu. Alitua gunia, akaangalia chumba, macho yakaishia kwa okidi kwenye dirisha. Akaichomoa kutoka chungu, akainusa.

"Hii inaoza."

Mathe hajawahi kupanda okidi. Lakini mizizi anaijua. Akaniomba wembe mpya, akaupitisha kwa moto wa jiko la gesi, akaketi kitandani na kuanza kuibonyeza mizizi kwa kidole gumba, mmoja baada ya mwingine. Ulio mgumu akauacha. Ulio laini, unaotoa maji na kubaki uzi katikati, akaukata. Alipomaliza ilibaki mizizi mitatu.

"Kwetu kazini hii tungeng'oa," akasema. "Mti usiotoa maua unakula mbolea ya bure." Halafu, bila kuinua macho: "Na wewe, mtihani wako uko lini?"

"Hakuna mtihani, Mum."

Mvua ikaendelea kunyesha. Alinawa mikono, akaifuta kwa leso yake polepole.

"Pesa ilienda wapi?"

Nikaonyesha kamera kwa kidole. Nilitarajia kelele. Aliiangalia vile anaangalia shina mezani.

"Inafanya kazi?"

"Inafanya."

"Haya."

Akachukua mkoba wake na akaondoka na matatu ya saa nane. Viazi nilikula wiki mbili, na kila kimoja kilikuwa kigumu kumeza.

Baada ya hapo nilikuwa na mambo mawili ya kurekebisha, na nikaanza na lile lisiloweza kulia. Nikasoma. Okidi hii jina lake la kisayansi ni Phalaenopsis. Alilipa jina hilo Carl Ludwig Blume mwaka 1825, kutoka kwa Kigiriki, maana yake kinachofanana na nondo. Nondo yule mdudu anayezunguka balbu usiku, si chuma cha fundi. Kwao ni misitu ya joto ya Asia, Ufilipino na Indonesia na majirani zao, hadi kaskazini mwa Australia. Na huko haikai kwa udongo. Inakaa juu ya miti, imeshikilia gome, mizizi iko nje hewani. Mvua inanyesha, inalowa chapachapa, halafu upepo unaikausha. Hainyonyi damu ya mti, inapanga tu hapo juu. Ni mpangaji mzuri. Hata Kenya tuko na okidi zetu za juu ya miti, na nawaomba msizichomoe msituni mkitafuta ya bure.

Ule mzizi umevishwa kitu kama sponji. Ukiwa mkavu unang'aa rangi ya fedha. Ukipata maji unageuka kijani ukiutazama. Yaani mmea wenyewe unakuambia umeshiba au una njaa, na mimi miezi mitatu nilikuwa namwagilia bila hata siku moja kuangalia chini.

Hivi ndivyo nilifanya, na ndivyo nafanya hadi leo.

Chungu: nilitafuta mkebe wa plastiki unaoonyesha ndani, nikautoboa matundu mengi chini na kando kwa msumari uliochomwa moto. Ukiona mizizi, huhitaji kubahatisha.

Cha kupandia: si udongo. Magome ya mti yaliyokatwakatwa, nilinunua kwa wale wa miche ya kando ya barabara, nikaloweka usiku mzima. Nikachanganya na vipande vya makaa kutoka kwa mama wa makaa wa hapa chini. Alidhani napika. Shida ya magome ni kwamba yakikaa miaka miwili hivi yanaoza na kushikana, hewa haipiti, kwa hivyo yabadilishe.

Maji: mara moja kwa wiki. Julai ikiwa baridi, hata siku kumi. Lakini usifuate kalenda pekee. Angalia mizizi: ikiwa kijani, acha. Ikiwa ya fedha, mpe. Inua chungu pia: kikiwa chepesi kina kiu, kikiwa kizito hakina. Siku ya maji naweka mkebe ndani ya karai kama dakika kumi, natoa, naacha maji yote yachuruzike. Chungu kisikae ndani ya maji, hata kidogo. Na usimwage maji katikati pale majani yanapokutana. Huko msituni mmea huu huning'inia ukiinama, maji yanateleza. Kwako umesimama wima, maji yanatuama, moyo wake unaoza, na ukioza moyo kwa kawaida ndiyo mwisho. Yakiingia, kausha na tishu.

Ni maji gani? Ya ploti yetu ni ya kisima na yako na chumvi, yanaacha unga mweupe kwa sufuria. Huo unga unabaki kwa mizizi pia. Kwa hivyo natega ya mvua. Keateka alizoea kuniona nikipanda rufu na ndoo, sasa ananipigia mwenyewe mawingu yakija.

Mbolea: kidogo sana. Robo ya kipimo kilichoandikwa kwa pakiti, mara moja au mbili kwa mwezi, na mizizi iwe imelowa kwanza isiungue.

Mwanga: hapa msisikilize video za ng'ambo, zilinipoteza. Wao wanasema dirisha la upande huu au ule kwa sababu jua lao linapita upande mmoja mwaka mzima. Nairobi iko kusini kidogo tu mwa ikweta. Juni jua linapita upande wa kaskazini, Desemba upande wa kusini. Dirisha lililokuwa salama mwezi wa sita linaweza kuunguza majani mwezi wa kumi na mbili. La mashariki ndilo poa, linapata jua la asubuhi ambalo bado ni pole. Kama huna, weka pazia jepesi. Majani yakiwa kijani kizito sana, mwanga ni mdogo na maua usitegemee. Yakianza kuwa mekundu kingo au ya manjano, jua limezidi.

Nilifanya hayo yote kuanzia Mei. Julai ikaja, ikaenda. Hakuna ua. Septemba ikatoa jani moja. Desemba, mizizi miwili mipya. Mbogi yangu ikiniona napiga picha jani, wananiuliza kama niko sawa.

Na mathe? Mathe alipiga simu kila jioni. Swali moja: "Umeamua nini?" Kila jioni. Na kila jioni sikuwa na jibu jipya, kwa hivyo nikaanza kuogopa simu, halafu nikaanza kutoshika. Asiposhikiwa anapiga mara tatu. Nikilegea, anaongeza.

Siku moja nilishika, nikamwambia, "Mum, wewe ndiye ulinionyesha ile mizizi. Niache nikauke kidogo."

Kimya. Nikafikiri nimemkosea heshima. Halafu nikasikia kicheko kidogo, kile cha puani.

"Haya. Lakini ukikauka kabisa nakuja na wembe."

Jumapili iliyofuata alipiga, na swali lilikuwa, "Imetoa jani?" Ikawa hivyo. Jumapili kwa Jumapili. Na kwa sababu hakuniuliza, nikaanza kumwambia mwenyewe: nimepata kazi ya harusi, mteja fulani hajanilipa, mwezi huu ni mbaya. Ukweli ulitoka ukiwa umeachiwa nafasi.

Najua kuna mtu ashaanza kuandika hapa chini kwamba okidi ni sisi vijana, tusiharakishwe, kila mtu ana msimu wake. Tafadhali punguza. Mimi si okidi. Okidi haikula karo ya mtu. Nilimdanganya mwanamke anayesimama siku nzima kwenye baridi, na hakuna ua litakaloifuta hiyo. Kinachoweza kupunguza ni pesa. Kuanzia Juni 2024 nilianza kumrudishia kwa M-Pesa, 2,000 kwa mwezi ikipatikana. Wakati naandika hii nimefika 26,000. Mara ya kwanza aliirudisha. Nikaituma tena.

Ninachosema ni kidogo kuliko hicho, na nina hakika nacho: vile vikombe vya maji havikuwa vya ile okidi. Vilikuwa vya wasiwasi wangu. Na zile simu za kila jioni, nyingi hazikuwa zangu, zilikuwa za wasiwasi wake. Kama unatunza kitu, jiulize hayo maji unayomwaga sasa hivi ni kwa ajili ya nani.

Turudi kwa maua. Okidi hii ili itoe shina la maua inataka wiki kadhaa za ubaridi wa wastani, chini ya nyuzi 25, usiku ukishuka hadi kama 16 au 18. Wenzetu wa Ulaya wanapata shida kuipangia hiyo. Sisi wa Nairobi tunaipewa bure kila Juni hadi Agosti, ile baridi tunayoilalamikia. Dirisha liwe wazi kidogo, lakini usiiache nje usiku, kwa sababu chini ya nyuzi 15 inaanza kuteseka. Nyinyi wa Mombasa, kazi yenu ni ngumu zaidi kwa sababu ya joto la usiku. Tumieni hiyo Julai na Agosti yenu, iwekeni penye upepo.

Mwisho wa Julai 2025 niliona kitu cha kijani kimechungulia kati ya majani. Nikampigia mathe picha. Ni mzizi ama ni shina? Mzizi mpya ncha yake ni ya mviringo na laini. Shina la maua lina ncha bapa kidogo, kama glavu ya mtoto, na linapanda juu kutafuta mwanga. Alituma ujumbe wa sauti wa sekunde nne: "Hiyo si mzizi. Usiiguse." Na mimi sikuigusa, wala kuigeuza, kwa sababu ukizungushazungusha chungu, shina linapinda likifuata mwanga na vitumba vinaweza kuanguka.

Ua la kwanza lilifunguka mwisho wa Oktoba. La saba lilifunguka katikati ya Novemba, na wikendi hiyo mathe akaja. Safari hii alipiga simu kwanza.

Alifanya kitu ambacho nadhani mikono yake inafanya yenyewe sasa. Alipima shina kwa shibiri, kutoka chini hadi juu.

"Sitini," akasema. "Na zaidi. Hii ni ya bei."

Halafu akaketi kitandani, palepale alipoketi na wembe, akaliangalia muda mrefu. Akaniambia kitu ambacho sikuwa nimewahi kukifikiria. Kazini waridi hukatwa likiwa bado limefumba, ndiyo lifike Ulaya kabla ya kufunguka. Yale yanayofunguka mezani kwao ni ya kutupa. Miaka yote hiyo, maua yote hayo, kufunguka kwake kunaonwa na mtu mwingine.

"Sasa haya yatakaa siku ngapi?"

"Miezi miwili. Hata mitatu, ukiyaacha."

"Miezi mitatu!" Akatikisa kichwa. "Basi usilikate."

Sitalikata. Yakiisha kuanguka, kama shina bado ni kijani naweza kulikata juu ya kifundo cha pili au cha tatu kutoka chini, pengine litoe tawi jingine la maua. Likikauka nalikata karibu na shina mama, na mmea upumzike utoe majani. Sijaamua. Kuhusu chuo pia sijaamua, na mathe anajua, na tunaongea Jumapili.

Sasa wewe nenda uinue chungu chako. Kikiwa kizito, rudisha kikombe kabatini.